Wasomaji Wanauliza: Mbona Misa kimya, wenzetu wanaruka?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mi nimezaliwa Mkatoliki, kipaimara nimepata, Misa ya Jumapili siachi. Sasa mdogo wangu wa kiume kahamia kanisa moja la hizi ibada za kisasa, kuna bendi, magitaa, watu wanaruka, wanalia, mikono juu, na kila akirudi uso unang'aa kweli. Ananiambia dada nyie mnasali kama mko msibani, mnajibu tu yaliyoandikwa, furaha ya wokovu iko wapi? Nilienda naye siku moja na nikaguswa, sikatai, ila nilikuwa nawaza mbona hakuna hata dakika ya kunyamaza. Sasa sijui nimjibu nini na swali lenyewe limeniingia na mimi. Hivi ni kweli sisi tuna heshima bila furaha, wao furaha bila heshima? – Dada mtu

JIBU: Milele amina, dada yangu. Nianze na hilo la mwisho: hapana, sio kweli, na ukilikubali hivyo unawadhulumu nyote wawili. Zaburi ya 2 inasema "Mtumikieni Bwana kwa kicho, shangilieni kwa kutetemeka", yaani kicho na shangwe vimewekwa mstari mmoja, havijagawiwa kila dhehebu chake.

Siku ile ulipoenda sijui kama uliangalia mpangilio. Ibada nyingi za kisasa zinaanza na sifa, nyimbo za haraka, vigelegele, halafu mwendo unapungua wanaingia kwenye kuabudu, watu wanafumba macho, na baada ya hapo ndio mahubiri, na mahubiri ndio kilele chao. Angalia watu wakati huo, Biblia ziko wazi mapajani, kalamu mkononi, wanaandika kila andiko. Hiyo ni heshima kabisa, heshima mbele ya Neno, na wakatoliki wengi tunaosinzia kwenye homilia, yaani mahubiri ya padri, tungejifunza hapo.

Sisi tunaenda kinyume, tunaanza na toba. Tunakiri dhambi, tunaomba Bwana atuhurumie, na mara baada ya hapo inakuja Utukufu, "tunakusifu, tunakuheshimu, tunakuabudu, tunakutukuza", sasa niambie kama huo sio wimbo wa kushangilia ni wa nini? Shida ni kwamba tunauimba huku tunaangalia nani ameingia kachelewa. Mdogo wako akisema msibani anasema alichokiona, na alichokiona ni sisi, sio Misa.

Maana furaha ya Misa ipo, ila ina mahali pake na majira yake. Kwaresima yote hatuimbi Aleluya, Utukufu nao unanyamaza isipokuwa siku chache kama sherehe na Alhamisi Kuu. Halafu fikiria Mkesha wa Pasaka, kanisa giza, moto mpya unawashwa nje, Mshumaa wa Pasaka unaingia peke yake, "Mwanga wa Kristo", watu "Tumshukuru Mungu", mwanga unatoka mshumaa hadi mshumaa mpaka unaziona sura za watu, inaimbwa Mbiu ya Pasaka, yanasomwa masomo marefu kuanzia uumbaji, na ndipo unapigwa Utukufu na kengele ambazo hazijalia toka Alhamisi Kuu zinalia zote. Mi hapo siwezi kujizuia machozi. Mchukue mdogo wako usiku huo, usibishane naye, mpeleke tu.

Kuhusu kimya cha Mageuzo, pale padri anapoweka wakfu mkate na divai. Tunapiga magoti na kunyamaza kwa sababu tunaamini ule mkate unakuwa Mwili wa Kristo, yeye mwenyewe, sio kumbukumbu tu. Hapo ndipo kilele chetu kilipo na ndio tofauti kubwa kuliko gitaa na kinanda. Eliya kule mlimani alipitiwa na upepo, tetemeko na moto, Bwana akaja kwenye sauti ndogo ya utulivu, naye akafunika uso wake. Ila Biblia hiyo hiyo ina Daudi anacheza kwa nguvu zake zote mbele ya sanduku la Bwana, na Mikali mkewe aliyemdharau kwa kucheza hakusifiwa. Kwahiyo usimdharau anayeruka.

Na hayo majibu "yaliyoandikwa" usiyaonee aibu. Kuna Jumapili unaingia kanisani umefiwa, au umegombana na mumeo, au moyo umekauka tu huna hata neno moja. Kwenye ibada inayotegemea sana hisia siku kama hiyo mtu anaweza kujiona amepungukiwa imani kwa vile hasikii kitu. Kwenye Misa unaambiwa "Inueni mioyo" na unajibu "Tumeiinua kwa Bwana" pamoja na wote, hata kama wa kwako ni mzito, wenzako wanaunyanyua na wewe. Justino Mfiadini karibu mwaka 155 alieleza Wakristo walivyokuwa wanakusanyika Jumapili, masomo, mahubiri, sala, mkate na divai, na watu wote wanaitikia Amina. Ni mpangilio huu huu.

Tena Kanisa lenyewe halitaki tukae kama mabubu. Hati ya Mtaguso wa Vatikano wa Pili, ule mkutano mkuu wa maaskofu, juu ya Liturujia yaani ibada rasmi, ya mwaka 1963, inataka waamini wasiwe watazamaji wakimya, waitikie, waimbe, watumie mwili pia, na papo hapo inaagiza kimya kitakatifu kwa wakati wake. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misale, yaani kitabu cha sala za Misa, kwa majimbo ya Zaire, ambamo padri na wahudumu wanaizunguka altare kwa kucheza wakati wa Utukufu. Na kunyanyua mikono sio mali ya walokole, Karismatiki Katoliki, yaani Wakatoliki wanaosali kwa shangwe namna hiyo, ipo toka 1967, ilianza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duquesne kule Marekani, na kweli ilichota kwa Wapentekoste, ambao nao uamsho wao ulishika kasi mwaka 1906 Azusa Street, Los Angeles, chini ya mchungaji William Seymour. Tumepokea kutoka kwao, tuseme tu asante.

Kwenda naye kusikiliza na kusali sio dhambi, ila haichukui nafasi ya Misa ya Jumapili, na meza yao, yaani mkate na divai yao, usishiriki. Mwambie mapema kwa upole ili asione umemkataa. Na Jumapili ijayo imba Utukufu kwa sauti, bila kumwangalia jirani.

SWALI: Mi ni mwanakwaya. Baada ya Komunyo tukiimba vizuri watu wanapiga makofi mpaka vigelegele. Wengine wanafurahi, wengine wananuna. Ni sawa?

JIBU: Makofi ya kufuata mdundo, watu wanamwimbia Mungu, sina neno. Makofi ya kuwapongeza nyie mkimaliza, hapana, tena dakika zile mtu ndio kwanza amempokea Bwana, anahitaji kuongea naye. Utaratibu wa Misale unaruhusu hapo kimya au zaburi au wimbo wa sifa unaoimbwa na watu wote, na hilo "watu wote" ndilo mnalolisahau. Chagueni wimbo ambao kanisa zima linaujua, mkishamaliza mkae, mwalimu wa kwaya asigeuke kuwaangalia watu, na mpiga kinanda aondoe mikono kabisa. Wimbo wenu mgumu wa sauti nne uwekeni kwenye matoleo.