Barua kwa mwanangu: hilo bega unalitembeza?

Salma mwanangu,

Voisi yako nimeisikia, unauliza hilo bega lako lililoganda ulichome ile sindano ya steroidi aliyokwambia daktari, ile ya kutuliza uvimbe, au uendelee na mazoezi tu. Kwanza niambie, hilo bega unalitembeza au umelilaza? Maana mimi siku zote nasema, bega linataka kutembezwa.

Langu lilipoganda wewe ulikuwa chuo Morogoro, mengi hukuyaona. Lilianza usiku, upande ule siulalii, halafu mkono ukagoma kupanda, sidiria nafungia mbele ndo naizungusha, kwenye daladala bomba la juu silifikii nashikilia siti za watu. Nikaenda hospitali, yule daktari hata macho hakuinua, akaandika diklofenaki, vidonge vya maumivu, akasema mama huo ni umri. Umri! Hata 55 sijafika. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka, kwa sababu hakuuliza kama nina sukari, na wenye sukari ndo linatuandama zaidi, ule mfuko unaozunguka kiungo unavimba unakakamaa, na wanawake wa miaka 40 mpaka 60 ndo kundi lenyewe. Eksirei inatoka safi halafu unaonekana unadeka.

Shangazi yako naye akaja akanifunga mkono kifuani kwa kanga eti upumzike. Simlaumu, alifanya kwa mapenzi, lakini bega ndo likazidi kukaza. Linataka kutembezwa.

Aliyeniokoa ni binti wa fiziotherapia. Alinisimamisha mbele ya ukuta akasema mama, vidole vipande ukutani kama buibui, polepole, ukifika panapovuta simama, pumua, shuka. Nyumbani nikawa nafanya pembeni ya mlango wa jikoni, baba yako anaweka alama ya penseli. Zile alama ulizoziona Idi ukadhani ni urefu wa wajukuu, ni mimi yule nilikuwa napanda! Siku vidole vilipovuka swichi ya taa baba yako alipiga ukelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, mimi nacheka huku machozi yananitoka.

Haya, sindano. Inatuliza maumivu, hasa huku mwanzoni, na maumivu yakipungua mazoezi yanafanyika, hilo nakubali. Ila sukari inaweza kupanda siku kadhaa baada ya kuchoma, kwa hiyo daktari ajue una sukari na uwe unapima. Na usije ukachoma ukaona umemaliza, mazoezi yako palepale. Diklofenaki za kununua dukani bila kupimwa sitaki kuzisikia, figo zako nazihitaji. Mimi sikuchoma nikapona, lakini mimi sikuwa na cherehani na oda za watu, na bega hili likiachwa lijiendee linaweza kukaa mwaka mpaka mitatu, utawaambia nini wateja? Au uvumilie kwanza, maana kama hata usingizi unapata... hapana, voisini nilikusikia unavyoguna. Ningekuwa nakuamulia mimi ningesema, aa, wacha, bega ni lako na daktari wako ndo kalishika.

Ila kesho simama ukutani mtu akupige picha mkono ulipofikia, nitumie nione.

Baba yako anasalimia, anasema uchome.

Mama