Mvinyo Mweupe wa Mizabibu Mikongwe: Usiuharakishe

Chupa ya kwanza ya mvinyo mweupe wa mizabibu mikongwe niliyoinunua kwa fedha zangu niliiharibu mwenyewe. Nilikuwa nimefanya kazi ya kuhudumia mezani mjini Cape Town kwa miezi saba, nikajiwekea akiba, nikaitia chupa ile kwenye jokofu tangu asubuhi, na jioni nikawamiminia wageni wangu watatu kinywaji kilichokuwa baridi kama maji ya barafu. Hakuna aliyelalamika, wala hakuna aliyesema lolote juu yake, nami pia sikuona tofauti yoyote kati yake na ule wa bei ya chini tuliokuwa tukiuuza kwa glasi. Asubuhi yake nilipokuwa nikisafisha meza niliinusa glasi moja iliyokuwa na mabaki kidogo, nikakutana na harufu ya asali, maganda ya tufaha na nyasi zilizokauka juani, mambo ambayo jana yake hayakuwapo kabisa. Hayo yote yalikuwamo ndani ya chupa tangu mwanzo; baridi ndiyo iliyoyafungia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ambao ningeuweka mbele ya mwingine wowote, ni kwamba mvinyo wa namna hii usinywewe ukiwa umetoka moja kwa moja kwenye jokofu. Jokofu la nyumbani huwa na nyuzijoto 4 au 5, ilhali Chenin Blanc, mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo, iliyotokana na mashina ya zamani hujieleza vizuri zaidi kati ya nyuzi 11 na 13. Itoe chupa nusu saa kabla ya kuketi, na kama unaishi Dar es Salaam au Mombasa wakati wa joto, dakika 15 zinatosha. Baridi kali huzuia harufu kupanda na huufanya uchachu uonekane mkali kuliko ulivyo, hivyo mnywaji hubaki na kitu chenye kuburudisha koo tu, na kwa kuburudisha koo hakuna haja ya kulipa bei ile.

Nimeitaja Chenin Blanc kwa sababu ndiyo niliyojifunzia, na kwa sababu Afrika Kusini ina utajiri wake kuliko nchi nyingine yoyote. Asili ya zabibu hii ni bonde la mto Loire nchini Ufaransa, lakini leo Afrika Kusini huilima kwa wingi kuipita Ufaransa yenyewe, na kwa miaka mingi wakulima wa Rasi, yaani eneo la Cape Town, waliijua kwa jina la Steen. Ilipendwa kwa kuwa huzaa sana na huhifadhi uchachu wake hata penye joto, na sehemu kubwa ya mavuno iliishia kwenye brandi au kwenye mvinyo wa kawaida usio na jina. Shina likizeeka huzaa kidogo, na mkulima anayelipwa kwa tani hana sababu ya kulitunza, kwa hiyo mashamba mengi yaling'olewa. Kuanzia mwaka 2002, mtaalamu wa mizabibu Rosa Kruger alianza kuyatafuta na kuyaorodhesha yaliyosalia, na kazi hiyo ikazaa Old Vine Project, taasisi inayoweka muhuri kwenye chupa zinazotokana na mashamba yenye umri wa miaka 35 au zaidi. Muhuri huo huonyesha mwaka ambao mizabibu ilipandwa. Uutafute unaponunua, maana maneno "mizabibu mikongwe" yakiandikwa peke yake kwenye lebo hayana kipimo cha kisheria duniani kote, na katika nchi nyingi mtengenezaji anaweza kuyatumia apendavyo.

Baada ya kosa lile nilimwomba mpishi wetu, ambaye ndugu zake walikuwa vibarua wa mashamba, anichukue hadi Swartland, kama mwendo wa saa moja kwa gari kaskazini mwa Cape Town. Tulikwenda kwenye mteremko wa mlima Paardeberg mwezi wa Februari, wakati wa mavuno. Mizabibu ile haikuwa imefungwa kwenye nyaya. Kila shina lilisimama peke yake kama kichaka, nene kuliko paja langu, limepinda na kupasuka magome, nalo halikufika kifuani. Udongo ulikuwa chengachenga za mawe ya itale, mkavu kiasi kwamba uliponyoka kati ya vidole, na hapakuwa na bomba la maji popote. Kwenye shina moja nilihesabu vichala vitano, vyenye zabibu ndogo za rangi ya dhahabu na ganda nene. Nilipoitafuna moja, utamu ulikuja kwanza, ukafuatwa na uchachu uliobana mashavu, kisha ukavu kidogo wa ganda uliobaki ulimini muda mrefu. Mpangilio huo huo ndio ninaoutafuta hadi leo ndani ya glasi.

Ndiyo maana namshauri mwonjaji asiitafute sifa ya mizabibu mikongwe katika ukubwa wa harufu. Mvinyo wa mashina machanga mara nyingi hunukia zaidi pale kizibo kinapotoka, kisha hupotea mdomoni haraka. Ule wa mashina ya zamani huweza kuonekana mkimya mwanzoni. Mimina theluthi ya glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, unuse kabla hujaitikisa, uitikise, unuse tena, halafu uchukue funda dogo na ulitulize juu ya ulimi kwa muda wa pumzi mbili. Angalia kama una uzito katikati ya ulimi, uzito unaoteleza kama nta ya nyuki iliyoyeyuka, bila kuwa mtamu. Ukishameza, nyamaza. Hesabu polepole ladha inavyokaa. Ikifika kumi na tano nawe bado unahisi kitu kinabadilika kooni, hapo una jambo la kuzungumza na wenzako. Baada ya hapo iache glasi, ule kidogo, uirudie baada ya dakika 20, kwa sababu utaikuta imekuwa nyingine.

Usione haya kutumia maneno ya nyumbani. Vitabu vya uonjaji vitakutajia matunda ambayo wengi wetu hatujawahi kuyashika, na nimewaona wahudumu wenzangu wakiyakariri bila kuhisi chochote. Mimi husema embe bichi lililotiwa chumvi, pera lililoiva kupita kiasi, ganda la ndimu, na harufu ya mvua ya kwanza juu ya mwamba. Maneno hayo nayaamini kwa kuwa ulimi wangu unayajua.

Ukitaka kujifunza haraka, fungua chupa mbili za Chenin Blanc kwa pamoja, moja ya mizabibu michanga na moja ya mikongwe. Kwa walioko Tanzania hilo si gumu, kwani Chenin Blanc hulimwa pia Dodoma, ambako hakuna majira ya baridi ya kuilaza mizabibu, nayo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Sisemi mmoja ni bora moja kwa moja; umri wa shina hauwezi kumwokoa mtengenezaji mzembe, na nimeonja chupa zenye muhuri ambazo mapipa mapya ya mwaloni yalizijaza harufu ya vanila hadi zabibu ikasahaulika. Ila kulinganisha ndiko kunakofundisha.

Kwa chakula, samaki aina ya changu wa kuchoma aliyepakwa nazi na ndimu anaukubali mno, kwa kuwa uchachu wa mvinyo huyakata mafuta ya nazi nao unene wake haumezwi na viungo. Pilipili iwe ya wastani, maana ikizidi huuchochea ukali wa kileo, na mvinyo huu mara nyingi hukaribia asilimia 13.

Usiimalize chupa usiku mmoja. Irudishie kizibo, uiweke kwenye jokofu, kesho yake uitoe mapema na uionje na kipande cha samaki aliyebaki. Chupa nyingi za Paardeberg nilizowahi kufungua zilikuwa nzuri zaidi siku hiyo ya pili.