Bwawa Limeshuka, Bili Imepanda

SWALI: Shikamooni wahariri. Mvua imenyesha Moshi karibu wiki nzima, lakini wavuvi wanasema bwawa la Nyumba ya Mungu bado liko chini. Maji yanakwenda wapi, na mgawo wetu utaisha lini? (Msomaji, Pasua)

JIBU: Marahaba. Bomba lako halitegemei bwawa hilo. Moshi mjini hupata maji ya chemchemi na visima. Nyumba ya Mungu iko chini yetu na hupokea yanayobaki, kupitia mito Kikuletwa na Ruvu. Wanaolitegemea ni mitambo ya umeme, wavuvi, wakulima wa bondeni na mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe. Hata likifurika kesho, mgawo wa Pasua hautaisha kwa ajili hiyo. Chemchemi hungoja maji yazame ardhini huko mlimani, na wiki moja haitoshi.

Mvua za kwanza hunywewa na udongo mkavu, kisha mifongo (mifereji ya jadi ya Wachagga) na mifereji mingine ya mashamba huchota njiani. Yanayofika bwawani hukutana na jua: uso wa maji ukishuka milimita 5 kwa siku kwa mvuke, kila kilomita ya mraba imepoteza lita milioni 5. Tena bwawa ni pana juu, jembamba chini. Mita moja ya juu ina maji mengi kuliko mita moja ya chini, ndiyo maana kiangazi kikikolea kina hushuka haraka zaidi.

SWALI: Maji yanatoka siku tatu tu kwa wiki, lakini bili imepanda. Fundi anataka kufukua bomba lote. Nikubali? (Mama wa watoto wanne, Njiro, Arusha)

JIBU: Bado, mama. Siku maji yanapotoka, acha simtanki lijae, funga koki zote za ndani, kisha funga koki ya bomba linaloingia kwenye simtanki. Andika namba za mita pamoja na zile nyekundu, rudi baada ya saa mbili. Zikiwa zimesogea, na hakuna bomba jingine la uani linalotoka moja kwa moja kwenye mita, basi uvujaji uko ardhini na fundi ana hoja.

Zikitulia, fungua koki ya simtanki. Mita ikianza kuzunguka ilhali tangi limejaa, panda ukatazame boya, lile linaloelea na kufunga valvu maji yakijaa. Baada ya mgawo maji huja na mchanga, ukakwama kwenye mpira wa valvu usifunge. Safisha, au geuza mpira. Litikise na boya: ukisikia maji ndani limetoboka, linazama, na valvu haitafunga kamwe. Nunua jipya. Wengi hawaoni hasara hii kwa sababu bomba la kumwagia maji yanayozidi limeelekezwa kwenye migomba, na migomba haijawahi kulalamika.

Mwisho ni choo. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la kuflashi, usiguse kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, mpira wa chini umechoka. Koki inayodondoka ipime: kikombe cha lita 1 kikijaa kwa saa moja, ni lita 24 kwa siku, 720 kwa mwezi. Uniti moja ya bili ni lita 1,000.

SWALI: Bati langu ni mita 10 kwa 8. Simtanki la lita 1,000 litajaa kwa mvua kiasi gani? (Sakina, Arusha)

JIBU: Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati lako ni mita 80 za mraba. Toa moja ya tano inayoruka na kumwagika, zinabaki lita 64 kwa kila milimita. Milimita 16 zinatosha. Ndoo mbili za mwanzo zimwage, ndizo zinazobeba vumbi na kinyesi cha ndege. Na kwa Arusha tunashauri kinyume cha mazoea: maji ya mvua yachemshe unywe na kupikia, ya kisima ufulie. Visima vingi kuzunguka Mlima Meru vina floridi nyingi, madini yanayoharibu meno yakizidi, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua, floridi inabaki.