Maswali yenu ya diski za breki (na yale mnayorudia kila mwezi)

Mwezi huu naona wote mmeamkia kwenye diski. Nadhani ni hizi Impreza zinazoshuka bandarini, mtu akishalipa ushuru tu anataka gari isimame kama ya mashindano na huku chini ina tairi zilizokauka mpaka zina nyufa. Nimechagua machache. Wewe uliyeuliza "diski gani nzuri" bila kutaja gari, mwaka wala unaendeshea wapi, usisubiri, humo humu.

Shikamoo mzee. Nina Impreza WRX STI ya 2006, nataka kubadili diski za mbele. Nichukue za matundu au za mistari? (Arusha)

Marahaba. Chukua pleni, ile isiyo na matundu wala mistari.

Najua pleni hukuiuliza, ndiyo maana naanza nayo. Matundu yalikuja zamani, enzi pedi zikipata moto zinatoa gesi, gesi inakaa katikati ya pedi na diski, gari inateleza tu. Pedi za sasa hazina shida hiyo kwa kiasi kile. Kilichobaki ni kwamba matundu yanasaidia kidogo kwenye mvua, na yanapendeza ukipiga picha. Ila kila tundu ni chuma kimetolewa, na chuma ndicho kinachobeba joto. Diski ni ndoo ya joto jamani, hamna uchawi mwingine pale. Gari ya kilo 1,500 ikiwa kilomita 100 kwa saa ina nishati kama kilojuli 580, na yote hiyo ukikanyaga breki inageuka joto. Ipeleke 140 inakuwa zaidi ya 1,100. Yani mwendo umeongeza kidogo, mzigo wa breki umekaribia mara mbili, halafu wewe unatoboa ndoo.

Na usiniletee habari za Porsche. Ndiyo, zinatoka kiwandani na matundu, lakini ile diski imebuniwa hivyo tangu mwanzo, na hata hizo zikipelekwa sana kwenye saketi zinaonyesha vinyufa vidogo kuzunguka matundu. Hizi mnazouziwa nyingi ni pleni iliyopelekwa kwenye mashine ya kutoboa baadaye. Chukua moja umulike kwa tochi ya simu ukingoni, utaona kuna tundu limepita katikati ya uwazi na lingine limekula pezi la ndani, kile kijiukuta kinachounganisha nyuso mbili za diski. Nyufa zinaanzia hapo, na zikiungana tundu kwa tundu, diski unayo vipande viwili.

Za mistari zina kazi yake, zinafagia uso wa pedi, na mtu wa kwenda saketi mara kwa mara simkatalii. Bei yake ni pedi kuisha haraka na mvumo ukikanyaga kwa mwendo mkubwa. Wewe wa Arusha kwenda Moshi weka pleni ya chuma chenye kaboni nyingi, ya mtengenezaji anayejulikana, na hela inayobaki weka kwenye pedi. Halafu jiulize kitu kimoja, ukikanyaga mpaka mwisho ABS, ule mfumo unaozuia tairi kujifunga, inapiga? Kama inapiga, basi diski ina nguvu ya kutosha tayari, kinachoshindwa ni tairi, na hapo hata ukifunga diski kubwa kama sinia la pilau gari itasimama palepale.

Nimeshabadilisha diski mara mbili mwaka huu. Zikiwa mpya poa, baada ya miezi mitatu usukani unatikisika nikipiga breki kuanzia 90. Fundi anasema diski zinapinda sababu ni za Kichina. (Dodoma)

Hili ndilo swali la mwezi, lina ndugu zake kama sita humu, nawajibu wote pamoja.

Diski kupinda kama bati juani ni nadra sana. Na hiyo "baada ya miezi mitatu" uliyoandika ndiyo jibu lenyewe. Ingekuwa imepinda kiwandani ingetikisika siku ya kwanza. Kinachotokea ni hivi: fundi kavua diski ya zamani, nyuma yake kwenye habu, pale diski na rimu zinapofungiwa, kuna kutu, kutu nene kama karatasi tu, na yeye kabandika diski mpya juu yake. Pale katikati hiyo karatasi si kitu, ila ukienda mpaka ukingo wa diski inakuwa imeyumba zaidi. Sasa kila mzunguko, hata hujakanyaga breki, sehemu ileile ya diski inaigusa pedi. Kilomita 1, kilomita 1,000, kilomita 4,000. Inalika pale pale, au pedi inaacha utando wake pale pale, mpaka diski ina unene tofauti huku na kule. Ni sehemu chache za mia za milimita moja tu, mkono hausikii, lakini usukani unasikia.

Kwa hiyo ukinunua za tatu bila kusafisha habu, utanunua na za nne. Mwambie fundi apige waya brashi mpaka chuma king'ae, hasa kuzunguka vile vyuma vya kufungia rimu, ndipo wengi wanaruka. Kisha apachike diski, akaze nati na washa zake, aweke dayo geji, kile kipimo cha sindano kinachoonyesha diski inavyoyumba, azungushe. Watengenezaji wengi wanataka mchezo usizidi kama 0.05 ya milimita, angalia kitabu cha gari yako. Ukipata zaidi, hamisha diski tundu moja mbele upime tena, mara nyingi inakaa.

Na mwisho, ile bunduki ya upepo ya kukazia nati za rimu. Mnapenda mlio wake, sawa, lakini inakaza nati moja kama imechomelewa na nyingine nusu, na diski iko katikati inabanwa upande. Kazeni kwa msalaba, mmalizie na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Fundi asiye na spana ya toki kwenye gari ya turbo mimi simpi gari, na nikimpa nasimama pale.

Mistari ya diski inatakiwa iangalie mbele au nyuma? (Mombasa)

Usiangalie mistari, angalia mapezi ya ndani. Kama mapezi yamenyooka kutoka katikati kwenda nje, funga upande wowote. Kama yamepinda, kuna diski ya kushoto na ya kulia, na mapezi yanatakiwa yalale kinyumenyume. Simama ubavuni mwa gari, tazama sehemu ya juu ya diski: ncha ya nje ya pezi inaelekea nyuma ya gari. Hivyo ndivyo inavyovuta hewa katikati na kuitupa nje. Ukigeuza, inapiganisha hewa na yenyewe. Kuna watengenezaji wanaochora mistari kinyume na mapezi kwa makusudi, kwa hiyo ukifuata mistari unaweza ukafunga zote mbili vibaya huku unapongezwa na marafiki.

Kaka naweza kufunga breki za Brembo za STI kwenye WRX yangu ya 2003? (Dar)

Unaweza, ila pima kabla hujatoa hela. STI mpaka 2004 ilikuwa na nati tano kwenye duara la milimita 100, kuanzia 2005 ikawa 114.3. Ukinunua diski za STI ya 2005 kwa habu yako ya 100 umenunua mapambo. Diski ya mbele ya STI ni milimita 326, unene 30, yako ni 294 kwa 24, kwa hiyo rimu zako za inchi 16 zisahau, unahitaji 17 na si kila 17 inapita kalipa, kile kinachobana pedi kwenye diski. Nyuma kuna ngoma ndogo ya handibreki ndani ya diski na vipenyo havifanani, kwa hiyo vua kwanza, pima, ndiyo uende Gerezani. Na usifunge za mbele tu ukaacha nyuma vilevile bila kujua unachofanya, unahamisha kazi yote mbele na umevuruga mizani ambayo kiwanda kilikaa nayo miaka.

Naweza kukereza diski badala ya kununua mpya?

Imeandikwa kwenye diski yenyewe, unene wa mwisho. Hiyo ya STI 30 mwisho wake ni 28. Ikibaki 28.3 unakereza nini?

Nimeshuka Kitonga na Forester ya turbo, tumo watu watano na mizigo. Katikati ya mlima pedali ikawa laini, ikazama mpaka chini. Nimeogopa sana. Nifunge diski kubwa za mbele? (Mbeya)

Dada pole, na nashukuru umefika. Lakini diski siyo shida ya kwanza hapo. Pedali ikiwa ngumu lakini gari haipungui mwendo, pedi zimechoka kwa moto. Pedali ikiwa laini na kuzama, mafuta ya breki yamechemka, yamegeuka mvuke, na wewe unabana mvuke. Mafuta ya breki yanakunywa maji kutoka hewani, hata kama chombo kimefungwa. DOT ni daraja la mafuta hayo: DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishakunywa maji kipimo chake kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Sasa nikuulize, tangu gari ishuke bandarini umewahi kubadilisha yale mafuta? Najua jibu. Yakiwa na rangi ya chai ya mkandaa, ndiyo hayo. Kila miaka miwili, DOT 4 au 5.1, na msinunue DOT 5 kwa kudhani ni ndugu yake, ile ni silikoni, kitu kingine kabisa.

Halafu hesabu ndogo. Kushuka mita 400 za kimo, uzito wowote ule, ukiishikilia gari kwa breki peke yake, ni sawa na kusimama kutoka kilomita 100 mara kumi mfululizo bila kupumzika. Hamna diski ya kubeba huo upuuzi kila siku. Gia ya chini kabla mlima haujaanza, siyo katikati. Gari ikianza kukimbia kanyaga kwa nguvu uipunguze, kisha achia kabisa zipate hewa, usiweke mguu juu ya pedali kama umeuegesha.

Na ile tabia ya kusimama chini ya mlima na kumwaga chupa ya maji kwenye diski inayotoa moshi, acheni. Nimesimama pale nikasikia chuma kinalia tii, mwenye gari anacheka. Chuma cha kumimina kikipozwa ghafla hivyo kinapasuka, na safari ilikuwa haijaisha.

Nitajuaje kama diski ni feki? Boksi lina nembo zote.

Boksi linachapishwa popote. Mimi nilishapigwa, sitaji duka. Nilinunua jozi, nikaona moja ni nyepesi mkononi, nikavuka barabara mpaka kwa muuza mchele nikamwomba mizani. Kulia kilo 8 na nusu, kushoto 7 na robo. Jozi moja, boksi moja! Nikamulika ndani, ile nyepesi mapezi hayajakaa katikati, uso mmoja mnene, mwingine kama sufuria. Kwa hiyo pima uzito, pima unene wa nyuso zote mbili kwa venia, soma maandishi ya unene wa mwisho yawe yamegongwa kwenye chuma siyo kubandikwa. Muuzaji akikataa usifungue boksi, rudisha hela mfukoni.

Mifuniko myekundu ya kalipa iliyoandikwa Brembo inasaidia?

Inasaidia muuzaji.

Na za kaboni seramiki? (Muscat)

Kama gari ilikuja nazo, zitunze. Kama haikuja nazo, bei ya seti moja inanunua Impreza nyingine.

Mbona magari ya Safari Rally pale Naivasha yana diski ndogo kuliko STI yangu? (Nairobi)

Swali zuri, la kwanza mwezi huu. Kwenye vumbi wanatumia diski za milimita 300 hivi, kwenye lami wanapanda mpaka 370. Sababu ni tairi. Kwenye vumbi na mawe tairi haina mshiko wa kuitumia diski kubwa, na rimu ni inchi 15 ili tairi iwe nene ivumilie mawe, sasa diski ya 370 utaiingiza wapi? Wale wana hela ya kununua diski yoyote duniani na bado wanaanza na tairi. Nyie mnaanza na rangi.

Nakaa Tanga karibu na bahari. Kila asubuhi diski zina kutu. Nibadilishe?

Ile ya usoni inayotoka breki ya kwanza tu ukitoka getini, hapana, ndivyo chuma kilivyo. Ya kuangalia ni ya ndani, kwenye mapezi, ambako pedi haifiki. Vua tairi, chukua bisibisi nyembamba, chokonoa kati ya mapezi mawili. Likitoka vumbi jekundu tu, endelea kuendesha. Yakitoka magamba ya kushikika kwa vidole, nunua jozi leo, na hiyo gari iache nyumbani mpaka zifungwe.