Maswali na majibu: Boneti kwenye mizani ya viazi

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu bodi nyepesi kwa magari ya spoti ya zamani: boneti, fenda na buti za faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu) au kaboni (nyuzi nyeusi zinazogandishwa hivyo hivyo). Nimeyajibu yale yaliyokuja na maelezo ya kutosha, na machache yasiyo nayo.

"Fundi, kipi bora, faiba au kaboni?" (Msomaji, Mbeya mjini)

Swali hili naletewa kila mwezi, na kila mwezi linakosa mambo yale yale matatu: gari gani, kipande gani, na kipande cha sasa kina kilo ngapi. Ukija bila hayo sina cha kukujibu. Fungua boneti yako, ipeleke kwa muuza viazi mwenye mizani ya kuning'iniza, andika kilo, halafu uniandikie tena.

"Shikamoo fundi. Nina Datsun 240Z ya 1972, nataka kubadilisha boneti, fenda za mbele, milango na paa, vyote viwe vyepesi. Nianzie wapi?" (Dada wa Iringa)

Marahaba, dada. Una gari la heshima. Ukoo huo ndio uliompa Edgar Herrmann ushindi wa mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973, kwenye barabara za vumbi na tope kama hizi zetu. Kwa hiyo naomba tulishike kwa mikono miwili.

Gari hili halina chasisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Paa, nguzo za vioo, mbavu za nyuma na vizingiti vya chini ya milango vimechomelewa pamoja, na ndivyo vinavyolizuia gari lisijikunje kwenye kona. Ukikata paa la bati ukabandika la faiba, umeukata uti wa mgongo. Paa liache.

Milango nayo iache, maana gari hili linatembea barabarani. Najua mlango wa bati ni mzito. Lakini kutoka Iringa hadi Makambako unapishana na malori ya Zambia mchana na usiku, na siku mtu akikuingia ubavuni, kitu pekee kati yake na mbavu zako ni huo mlango. Mwenye gari la mashindano analifunga mabomba ya chuma ndani, ndiyo maana anaweza kuvaa milango ya faiba. Wewe hujafunga, na sikushauri ufunge kwa safari za sokoni.

Vinabaki vile vinavyofunguka kwa spana: boneti, fenda mbili za mbele na mlango wa nyuma. Anza na boneti na fenda. Hapo unapunguza uzito mbele, na usukani utausikia umelainika.

Kabla hujaagiza chochote, toa betri na trei yake, uchokonoe bati la chini kwa bisibisi. Magari haya huoza hapo, kwa sababu maji ya betri yanadondokea kwenye boriti la mbele miaka nenda rudi. Bisibisi ikizama, pesa ya boneti mpya ipeleke kwa mchomeleaji. Nimeona gari la namna hii likiwa na fenda mpya za faiba zinazong'aa, na nyuma ya fenda boriti unalimega kwa vidole kama mkate mkavu. Mwenye gari alikuwa analiendesha hivyo hivyo, na mtoto kiti cha mbele.

"Gari likipungua kilo 15 litaongeza spidi?" (Tunduma)

Spidi ya mwisho, hapana. Kupanda, kuchomoka na kusimama, ndiyo, kidogo sana. Gari la kilo 1,050 likipungua 15 limepungua asilimia moja na nusu hivi. Tanki la lita 60 likijaa petroli umebeba kilo zaidi ya 40, tairi la spea na jeki zako zina kilo zake, na hujawahi kuzilalamikia.

Kama unatafuta nguvu, angalia kabureta kwanza. Huku kwetu tuko juu, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ni nyembamba kwa asilimia 15 hivi. Injini ya kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam ikifika hapa inapewa petroli nyingi kuliko hewa. Plagi zinatoka nyeusi, eksozi inanuka, gari linakohoa mlimani. Fundi mzuri wa kabureta atakupa kwa asubuhi moja nguvu ambayo boneti haiwezi kukupa.

"Kuna fundi wa boti za faiba hapa Kyela, kazi yake safi. Anaweza kunitengenezea boneti?" (Kyela)

Anaweza, na kazi yake ya kulaza mkeka, kile kitambaa cha nyuzi za kioo, huenda ni nzuri kuliko ya wengi wanaojiita mafundi bodi. Lakini kaa naye chini kwanza, kwa sababu fundi wa boti amefundishwa kwamba unene ni usalama. Boti inagonga mawe na kuburutwa kwenye mchanga wa Matema. Boneti haiburutwi popote.

Hesabu yake ni hii. Bati la milimita 0.8 lina karibu kilo 6.3 kwa kila mita moja ya mraba. Mkeka wa kawaida wa faiba ni ule wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Ukilazwa kwa mkono unakunywa rezini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake, kwa hiyo tabaka moja likikauka ni kama kilo moja na nusu. Tabaka mbili ni kilo tatu. Ongeza jelkoti, ile rangi ngumu ya juu, nusu kilo. Jumla kilo tatu na nusu kwa mita ya mraba. Hapo umepata kitu.

Sasa fundi wetu wa boti aongeze tabaka mbili "kwa ajili ya uimara". Umefika kilo sita na nusu. Boneti yako ya faiba imekuwa nzito kuliko bati, na umeilipia. Hili si jambo la kubuni. Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea boneti ya faiba aliyoinunua kama "nyepesi ya mashindano". Tuliinyanyua watu wawili. Tuliitundika kwenye mizani, kisha tukatundika ya bati iliyotoka kwenye gari lile lile. Ya faiba ilizidi kwa kilo mbili. Aliisoma mizani mara tatu.

Ni kweli tabaka mbili peke yake zinalegea, ukibonyeza katikati panabonyea. Dawa yake si tabaka la tatu la mahali pote. Dawa ni mbavu: vipande vya povu gumu vilivyokatwa upana wa vidole viwili, vinapangwa upande wa ndani kwa mkato wa X au kufuata mbavu za boneti ya zamani, halafu vinafunikwa kwa ukanda mmoja wa mkeka. Kinachotia nguvu ni umbo. Povu lenyewe halina uzito wa kutajika. Pale panapokaa bawaba na komeo, hapo ndipo aongeze tabaka, na azike kibati ndani ili bolti isitafune faiba.

Mwambie hivi kabla hajachanganya rezini, na mwandikiane kwenye karatasi: boneti isizidi kilo fulani. Ikizidi, hulipi iliyobaki. Fundi anayeijua kazi hatakasirika.

"Nimelaza faiba mwezi wa saba, siku ya tatu bado inanata. Rezini mbovu?" (Njombe)

Huenda rezini ni nzima na kosa ni la baridi. Kwanza tofautisha mambo mawili. Chomeka ukucha. Kama chini ni kugumu na ngozi ya juu tu ndiyo inanata, hiyo ni tabia ya rezini ya kulazia, hewa inaizuia kukauka juu. Futa kwa asetoni, piga msasa, endelea. Kama ukucha unazama, hapo haijaiva.

Rezini ya poliesta inataka joto, na chini ya nyuzi joto 15 inasinzia. Njombe mwezi wa saba usiku unaijua mwenyewe, Makete ndiyo usiseme. Fanya kazi saa tano asubuhi mpaka saa nane, rezini na kalibu (umbo unalolazia faiba) vikiwa vimeshinda juani au ndani ya chumba chenye joto. Hadina, ile dawa ya kugandisha rezini, iwe asilimia moja hadi mbili, yaani mililita 10 hadi 20 kwa kilo ya rezini, na upime kwa bomba la sindano. Kifuniko cha chupa si kipimo. Ukizidisha ili kufukuza baridi, itachemka ndani ya kopo, itatoa moshi, na faiba itapasuka nyufa baadaye.

Hukuniuliza, ila nasema kwa sababu nawajua watu wa Njombe. Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba unacholazia faiba. Mvuke wa rezini unashika moto, na moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua mtu akiwa usingizini. Hadina ikiruka jichoni inaweza kukupofusha, kwa hiyo vaa miwani ya kazi na uwe na ndoo ya maji safi karibu. Na kama rezini yako inauzwa na chupa mbili za kuongezea, ile ya kobalti ya rangi ya zambarau na ile ya hadina, usizimiminie moja ndani ya nyingine hata tone. Zinalipuka. Kobalti inakorogwa kwenye rezini kwanza mpaka ipotee, ndipo hadina inafuata.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Tafuta ile yenye vichujio vya kemikali. Unapokata na kupiga msasa, mwagia maji, vumbi la kioo lisikuingie kifuani.

"Nimefunga fenda za faiba, taa za mbele zimekufa." (Mbalizi)

Faiba haipitishi umeme. Taa zako zilikuwa zinapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia bati. Vuta waya wa ethi kutoka kila taa mpaka kwenye bodi.

"Naweza kubandika faiba juu ya kutu kwenye vizingiti?" (Mwanjelwa)

Hapana. Kutu itaendelea kula chini yake, na sasa hutaiona. Kata, chomelea bati jipya.

"Wazee wanasema gari la faiba ni feki, kiwanda hakiwezi kutumia." (Mafinga)

Waheshimu wazee, lakini hapo hawakupata habari. Chevrolet Corvette ina bodi ya faiba tangu 1953. Lotus Elan ya 1962 ni bodi ya faiba juu ya uti wa chuma. Hata Ferrari 308 GTB za mwanzo, za 1975 hadi 1977, zilikuwa za faiba kabla ya kurudi kwenye bati. Tofauti ni kwamba magari hayo yalibuniwa hivyo tangu mwanzo.

"Nilinunua boneti ya kaboni, imegeuka njano, na kwenye bawaba za alumini kuna unga mweupe. Nimeuziwa feki?" (Mbeya, Forest)

Kwanza igeuze uitazame kwa ndani. Boneti nyingi zinazouzwa kama kaboni ni tabaka moja la kaboni juu, kwa ajili ya macho, na chini yote ni mkeka wa faiba. Ukiona nyuzi nyeupe zilizotawanyika ndani, umenunua faiba kwa bei ya kaboni. Tena mizani: kaboni iliyogandishwa ndani ya mfuko uliovutwa hewa haina rezini ya ziada, na hapo ndipo wepesi wake ulipo. Iliyolazwa kwa brashi kama mkeka inapoteza sehemu kubwa ya faida.

Njano ni jua. Rezini ya epoksi haivumilii jua, na jua la nyanda za juu ni kali hata siku unayovaa sweta. Inatakiwa kupigwa vanishi ya magari yenye kinga ya jua, na kupigwa upya inapofifia. Unga mweupe ni alumini inaliwa. Kaboni ikigusana na alumini penye unyevu inakuwa kama betri, na anayeliwa ni alumini. Toa bawaba, safisha, weka kipande cha faiba au plastiki katikati, na washa za plastiki chini ya bolti.

"Komeo la kiwandani linatosha kwa boneti ya faiba?" (Uyole)

Halitoshi. Niliamini linatosha mpaka siku nilipokuwa natoka Chimala, lori likanipita upande wa pili, na upepo wake ukaipinda boneti mpaka komeo likachomoka na kipande cha faiba. Boneti ililala juu ya kioo. Nilisimama kwa kuchungulia dirisha la pembeni, mguu ukitetemeka kwenye breki. Weka pini nne, mbili mbele na mbili karibu na kioo, kila moja na kisahani chake cha chuma juu na chini. Ukiweka mbili, ziwe upande unaofunguka, na bawaba uziache.

"Bati za zamani niziuze chuma chakavu?" (Tukuyu)

Usithubutu, hasa kwa mvua za Tukuyu ambako bati nzima ni adimu. Zioshe, zikaushe, zipake grisi ndani na nje, zitundike ukutani mbali na sakafu. Boneti ya faiba ikipasuka, kalibu ya mpya inachukuliwa juu ya hiyo ya bati.