Yamwagwe yapi, maji au mafuta?

Swali: Nafanya kazi katika depo ya mafuta ya ndege huku Changamwe. Nimepewa jukumu la kuandika kwa Kiswahili maelekezo ya kupima Jet A-1. Niliandika hivi: "Chota mafuta chini ya tangi, uyaangalie. Yakiwa na maji, yamwage." Wenzangu wawili wakasoma, kila mmoja akaelewa lake. Pia, ni sawa kuandika kwamba mafuta haya "huwaka kwa nyuzijoto 38" na "huganda kwa nyuzijoto hasi 47"?

Jibu: Ndugu yangu, wenzako wote wawili wamesoma vizuri. Kosa limo katika sentensi. Maji na mafuta yamo katika ngeli moja, YA-YA, kwa hiyo "yamwage" haisemi kinachomwagwa ni kipi. Mmoja atamwaga maji yaliyotuama chini ya chupa na kuyabakiza mafuta. Mwingine atamwaga vyote. Jikoni mtu huuliza, akajibiwa. Karatasi iliyobandikwa ukutani haiulizwi.

Ngeli hiyo hiyo huleta hatari kubwa zaidi katika maneno mawili ambayo kila mpimaji huyaandika: "Yako safi." Jet A-1 huwa haina rangi, au ina umanjano hafifu kama wa nyasi kavu. Chupa ya kioo yenye mafuta juu na maji chini huonyesha mstari, kwa kuwa maji ni mazito zaidi. Lakini tangi likiwa na maji mengi chini, chupa nzima hujaa maji matupu. Hapo hakuna mstari, hakuna ukungu, na chupa inang'aa kwenye mwanga. Mpimaji akiandika "yako safi" hajasema uongo. Maji yako safi kweli! Ndiyo maana jicho halitoshi, na hutumika kidonge cha kupimia maji, chenye karatasi ya njano inayogeuka kijani ikikutana na maji.

Dawa yake iko katika lugha yenyewe: tafuta jina la ngeli nyingine libebe kitendo. "Sampuli" ni I-ZI, "tone" likiwa moja ni LI. Andika hivi:

"Chota sampuli ya lita 1 chini ya tangi kwa chupa safi ya kioo. Izungushe chupa mpaka sampuli ifanye kizingia. Mashapo yatakusanyika katikati chini. Hakikisha kwa kidonge kwamba sampuli ni mafuta, si maji. Sampuli ikiwa na maji, imwage yote katika ndoo ya taka za mafuta, kisha chota nyingine. Rudia hadi lisionekane tone la maji."

Nimerudia "sampuli" makusudi. Mwalimu wa insha angekukata alama kwa kurudiarudia. Katika maelekezo ya kazi, rudia bila haya.

Sasa "huwaka kwa nyuzijoto 38". Hapa nakuomba ubadilishe. Mombasa mwezi wa Machi kivulini ni nyuzijoto 32 au 33, na bati la tangi juani hupita 38 bila shida. Atakayesoma sentensi yako ataamini kwamba mafuta yatajiwakia yenyewe mchana huo. Kipimo chenyewe hufanyika katika kikombe kilichofunikwa. Sampuli hupashwa moto polepole, kila baada ya hatua ndogo ya joto kifuniko hufunguliwa kidogo na mwali mdogo ukashushwa ndani. Joto linaloandikwa ni lile ambalo mvuke hushika moto mara moja juu ya sampuli, kisha ukazimika. Kinachoshika moto ni mvuke, na lazima pawe na mwali au cheche. "Kulipuka" nako usikutumie, maana msomaji atasikia bomu. Andika: "joto ambalo mvuke wa mafuta hushika moto ukisogezewa mwali, lisipungue nyuzijoto 38." Faida ya kuutaja mvuke ni kwamba mfanyakazi ataelewa pia kwa nini petroli kidogo tu, iliyobaki katika bomba au tangi la meli, hukishusha kipimo hiki ghafla: mvuke wa petroli ni mwepesi kushika moto.

"Kuganda" nakuachia, kwa masharti. Neno hili lina kazi nyingi, damu huganda, maziwa huganda, na watu wa Pwani wanalijua zaidi kwa mafuta ya nazi wakati wa kusi: asubuhi chupa ina ukungu, halafu vipande vyeupe, halafu haimiminiki. Jet A-1 nayo haigandi kwa mkupuo. Ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, yaani molekuli za haidrojeni na kaboni, hasa zenye atomi 8 hadi 16 za kaboni, na zile ndefu zilizonyooka, ziitwazo parafini, ndizo zinazotangulia kuwa chembe za nta. Sehemu kubwa ya mafuta hayo bado ni kimiminika, lakini chembe hizo zinatosha kuziba chujio la ndege angani.

Tena maabara haiandiki joto la chembe kutokea. Sampuli hupozwa huku ikikorogwa hadi chembe zionekane, kisha huachwa ipate joto polepole, na namba inayoandikwa ni ya pale chembe ya mwisho inapoyeyuka. Kwa hiyo ukiandika "huganda" bila maelezo, mpimaji mpya atasoma kipimajoto wakati wa kushuka, apate namba isiyo sahihi.

Angalia pia usije ukaandika "isizidi hasi 47". Kihesabu ni sawa, lakini kwa msemaji wa kawaida baridi ya hasi 52 "imezidi" ile ya hasi 47, naye atayakataa mafuta mazuri. Andika: "Chembe zote za nta ziwe zimeyeyuka kwenye nyuzijoto -47 au kwenye baridi zaidi ya hapo. Mfano: -52 inafaa, -44 haifai."