Kumzika mzazi Mkatoliki: anza na jumuiya, turubai litafuata

Pole sana ndugu yangu. Umeeleza kwamba baba amelala mochwari hapa Dar, ukoo unataka azikwe nyumbani Rombo Jumamosi ijayo, yeye ni Mkatoliki lakini kanisani hakuonekana miaka mingi, na wewe uliyebebeshwa mzigo wote ulishahamia kanisa jingine baada ya kuolewa. Nakujibu kama mtu aliyemzika mama yake mzazi hukohuko Rombo, Kilimanjaro, Kwaresima ya mwaka 2019. Yapo tuliyoyakosea ambayo ninyi bado mna muda wa kuyakwepa.

Mama alifariki Jumatano alfajiri. Hadi jioni kamati ilikuwa imeshakaa, daftari la michango limefunguliwa, basi limekodiwa, na tangazo limesambaa kwenye makundi yote ya WhatsApp: mazishi Jumapili saa saba mchana. Aliyekumbuka kumpigia paroko ni mama mdogo, na ilikuwa Ijumaa. Paroko akampa pole, akasali naye palepale kwenye simu, kisha akamwambia kwa upole kwamba Jumapili ya Kwaresima hakuna Misa ya mazishi. Hakuwa anatukomoa. Ndivyo ilivyo katika Kanisa zima: Jumapili za Majilio, Kwaresima na Pasaka, sherehe zilizoamriwa (ambazo waamini wanawajibika kwenda Misa), Alhamisi Kuu na siku tatu kuu za Pasaka, Misa ya mazishi haiadhimishwi. Mnaweza kuzika kwa ibada bila Misa, Misa ya kumwombea ikafuata siku nyingine. Sisi tulitaka mama asindikizwe kwa Misa, tukasogeza hadi Jumatatu. Dada yetu wa Mwanza ruhusa yake kazini iliishia Jumapili. Alimuaga mama ndani ya jeneza pale nyumbani, akapanda gari akaondoka kabla hatujazika. Mpaka leo hilo linaniuma.

Kwa hiyo kabla ya turubai, kabla ya gari, kabla ya mtu yeyote kuandika saa kwenye ratiba, mpigieni paroko wa kule mnakozika. Saa ya Misa ndiyo inayopanga mengine yote. Jumamosi padre anaweza kuwa na ndoa mbili za kufungisha na Misa kwenye kigango cha mbali, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, na ninyi mmeshatangaza saa sita.

Njia rahisi ya kumfikia ni mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ya pale nyumbani, yaani kikundi cha familia jirani za Kikatoliki zinazosali pamoja, au katekista, mwalimu wa dini wa parokia. Tafuteni jina la ubatizo la baba, parokia aliyobatizwa, na kama kuna kadi ya zamani, namba yake ya LB, yaani ya kitabu cha ubatizo. Kadi ya mama tuliikuta ndani ya begi la hati za shamba, imekunjwa mara nne. Kama baba alikuwa anasali parokia fulani hapa Dar, hata kwa nadra, ombeni barua huko ya kumtambulisha nyumbani. Karatasi za serikali, yaani za hospitali, kibali cha mazishi na usajili wa kifo RITA, mkabidhini kijana mmoja mtulivu asiyepewa kazi nyingine.

Sasa hofu yako kubwa, kwamba watakataa kumzika kwa sababu hakuwa anafika jumuiya wala hakutoa zaka. Nakuelewa, maana maneno ya namna hiyo yanasemwa sana misibani na yanaumiza. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1184, imewataja wachache wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioikana imani hadharani, wanaochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Na hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Palipo na mashaka anaulizwa askofu. Uvivu wa kwenda jumuiya haumo. Hata hivyo usiende kwa paroko na kanuni mkononi kama wakili. Nenda na ukweli. Mwambie baba aliishije, kama alimwita padre akapewa Mpako wa Wagonjwa, kama alikuwa anashika rozari usiku, kama aliwahi kusema anatamani kurudi. Baba yangu mdogo naye hakuwa ameingia kanisani kwa miaka. Paroko alisikiliza, akauliza maswali mawili matatu, akamtuma katekista aongoze ibada ya mazishi, na Misa ya kumwombea ikasaliwa wiki iliyofuata. Alizikwa kwa maji ya baraka na nyimbo kama Mkristo mwingine yeyote. Mkipewa hivyo, pokeeni kwa moyo mweupe.

Mkipewa Misa, kuna mambo ya familia kuchagua, na hapa ndipo ningeomba mtulie. Ulizeni kwanza utaratibu wa parokia, kisha chagueni masomo. Yanayozoeleka ni Hekima 3:1-9, Ayubu 19 pale anaposema anajua Mtetezi wake yu hai, au Isaya 25. Kwa somo la pili kuna Warumi 6 au 1 Wathesalonike 4. Injili ni Yohane 11, Martha akiongea na Yesu baada ya kufiwa na kaka yake, au Yohane 14, nyumbani mwa Baba mna makao mengi. Zaburi ya 23 kila kwaya inaiweza.

Sisi tulichukua Hekima, na msomaji akawa mdogo wangu wa mwisho. Usiku wa kuamkia Jumatatu nilimkuta jikoni nyuma ya nyumba, akina mama wanamenya ndizi za mtori, yeye amesimama karibu na taa na Biblia, anasoma kwa sauti. "Roho zao wenye haki zimo mkononi mwa Mungu." Anafika hapo anakwama. Shangazi, bila kuacha kumenya, akawa anamwambia, "Rudia baba, rudia." Alirudia labda mara kumi. Kesho yake alisoma mpaka mwisho sauti ikiwa imesimama. Kama angeishika Biblia kwa mara ya kwanza palepale kwenye mimbari, asingemaliza. Mpe msomaji somo lake mapema, na awepo wa akiba.

Wewe uliyehama kanisa, muulize paroko nafasi ipi unaweza kupewa. Shemeji yangu ni Mlutheri, alisoma wasifu wa mama nyumbani kabla ya kwenda kanisani, na alisoma vizuri kuliko ambavyo yeyote kati yetu angeweza. Wakati wa Komunyo alibaki kwenye benchi akisali. Wewe pia utabaki, na nakuomba usichukulie kuwa umetengwa na baba yako.

Wasifu na salamu za rambirambi zimalizeni nyumbani. Mahubiri ya Misa ya mazishi hayatakiwi kuwa hotuba ya kumsifia marehemu, na hilo nililielewa pale. Tunakwenda kumwombea. Mama yangu alikuwa mwema, lakini nilihitaji kusikia padre akimwombea huruma ya Mungu, si kusikia vyeo vya watoto wake. Mkiruhusiwa neno kanisani baada ya Komunyo, aongee mmoja, dakika tatu, amelishika mkononi limeandikwa.

Tulimvika sare yake ya WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki Tanzania, kwa kuwa aliisema mwenyewe, na rozari yake ya mbao tukaizungusha vidoleni. Wenzake wa chama wakasimama pande zote mbili za njia toka mlangoni. Jeneza la mlei linawekwa miguu ikielekea altareni, Mshumaa wa Pasaka unawaka karibu. Mwishoni, kwenye sala za buriani, padre huzunguka akinyunyiza maji ya baraka kukumbuka ubatizo wake, kisha anafukiza ubani. Nilikuwa benchi la mbele, nikasikia matone yakidondoka juu ya mbao. Ndipo nilipolia vizuri. Waambieni wapiga picha wasisimame kati ya familia na jeneza dakika hizo.

Kaburini, kama ni kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la nyumbani, padre ataanza kwa kulibariki kaburi lenyewe. Mashada yetu yaliitwa jina kwa jina zaidi ya saa nzima, ofisi moja baada ya nyingine, bibi wa watu wamesimama kwenye jua. Wekeni matano: mjane, watoto, wajukuu, ukoo, jumuiya. Mengine yawekwe kimya baadaye. Jina la msalabani liandikwe kwa kufuata kadi ya ubatizo, na mtu alisome kabla fundi hajapaka rangi.

Kuhusu sadaka ya nia ya Misa na usafiri wa padre, muulizeni katekista, atawaambia desturi ya pale bila aibu. Siku hizohizo andikisheni na nia za Misa za baadaye, ya arobaini na ya Novemba. Tarehe 2 Novemba ni siku ya Marehemu Wote, na kuanzia tarehe 1 hadi 8 anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu, akitimiza masharti ya kawaida ya Kanisa, anaweza kuwapatia roho za toharani, zinazotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu zote za muda za dhambi. Wewe huko ulipo sasa huenda huamini hivyo. Baba aliamini, na ndugu zako waliobaki wanaamini.

Mpigie mwenyekiti wa jumuiya leo, usisubiri kikao cha kamati cha jioni. Na niandikie jina la ubatizo la baba. Jumuiya yetu inasali rozari kesho saa kumi na mbili jioni, nitaomba atajwe.